Somo la Saba: Tando za Wanga na Protini, Sifa Zake na Tahadhari kwa Mlaji

Utangulizi

Uji ukiepuliwa na kuachwa upoe, hujitanda ngozi nyembamba juu yake. Maziwa yaliyochemshwa nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa macho ngozi hizo mbili zinafanana, lakini asili yake ni mbalimbali: ya uji ni wanga uliokauka juu kabla ya chini, na ya maziwa ni protini iliyoshikana pamoja na mafuta. Viwanda vimechukua tabia hiyo ya kale na kuifanya kuwa ufundi. Leo hii utando wa namna hiyo hufunika vidonge vya dawa, huvishwa soseji, hupakwa matunda, na hutengenezewa vifungashio vinavyouzwa kwa madai kwamba huoza.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, walaji wamekuwa wakiletewa bidhaa nyingi zenye maneno kama "asilia", "huoza" na "zinalika". Baadhi ya maneno hayo ni ya kweli, baadhi ni nusu ya kweli, na mengine ni chambo cha biashara. Zaidi ya hayo, utando usioonekana kwa urahisi unaweza kuwa na kiambato kinachomdhuru mtu mwenye mzio, au kinachokatazwa na dini yake. Ndiyo sababu tumeona somo hili lina nafasi katika kijitabu chetu.

Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

(a) kueleza utando wa mchanganyiko wa wanga na protini ni kitu gani;
(b) kutaja sifa zake njema na udhaifu wake;
(c) kutambua mahali anapokutana nao katika maisha ya kila siku;
(d) kusoma lebo na kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kununua.

1. Asili ya tando hizi

Utando tunaouzungumzia ni karatasi nyembamba, ambayo aghalabu unene wake hauzidi robo ya milimita. Hutengenezwa kwa kuyeyusha malighafi katika maji, kumimina myeyuko juu ya bapa laini, kisha kuukausha. Malighafi zake ni za makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu iliyoungwa kwa chembe nyingi za sukari. Humo mna wanga wa muhogo, mahindi na viazi. Selulosi ya mimea. Pektini ya maganda ya machungwa na ndimu. Gundi ya migunga. Alginati, agari na karajinani zitokazo katika mwani. Na kitosani, inayopatikana kwa kusafisha magamba ya kamba na kaa. Kundi hili haliko mbali nasi. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi inayofanywa zaidi na wanawake, husafirishwa ng'ambo kwa ajili ya karajinani hiyo. Aina iitwayo spinosamu hutoa karajinani yenye kuganda kwa ulaini na kunyumbulika; aina ya kotonii hutoa iliyo ngumu na nyepesi kuvunjika.

Kundi la pili ni protini. Mashuhuri katika hizo ni jelatini, ipatikanayo katika ngozi na mifupa ya ng'ombe, nguruwe au samaki. Nyingine ni kaseini na protini za maji ya jibini, zote za maziwa. Gluteni ya ngano. Protini ya soya. Zeini ya mahindi. Na ute wa yai.

2. Kwa nini vichanganywe?

Kila kundi likisimama peke yake lina kasoro yake. Utando wa wanga mtupu hukauka ukawa mgumu na kupasuka kama tope la kiangazi. Utando wa jelatini tupu ni mwangavu na wenye nguvu ukiwa mkavu, lakini hulainika upesi penye joto na unyevu. Mafundi waliona kwamba vikichanganywa kwa kipimo, kimoja huweza kufidia upungufu wa kingine.

Sababu iko katika namna minyororo inavyoshikana. Minyororo ya sukari ina vishikizo vingi vinavyovutana na vile vya protini. Aidha, baadhi ya malighafi hubeba chaji za umeme. Katika myeyuko wenye uchachu wa kiasi, jelatini huwa na chaji chanya na gundi ya mgunga huwa na chaji hasi. Kwa hiyo huvutana na kujikusanya pamoja. Wanakemia Bungenberg de Jong na Kruyt waliieleza tabia hiyo mwaka 1929. Kitosani nayo hubeba chaji chanya ikiyeyushwa katika asidi hafifu kama ile ya siki, hivyo huelewana vizuri na malighafi zenye chaji hasi.

Hata hivyo, si kila ndoa hudumu. Malighafi mbili zisipopatana, kila moja hujitenga na mwenziwe, mithili ya mafuta na maji. Utando wake huwa na mawingu au madoa, na hukatika pale mipaka ya visiwa hivyo inapokutana. Ndiyo maana uwiano, uchachu na joto la kuchanganyia huamua ubora. Bidhaa mbili zinaweza kuandikwa viambato vilevile, na bado moja ikawa imara na nyingine dhaifu.

3. Sifa zinazomhusu mlaji

*Uimara na mnyumbuko.* Utando bila kilainishi huvunjika ukikunjwa. Kilainishi kinachotumiwa zaidi ni glisirini, aghalabu gramu 20 hadi 40 kwa kila gramu 100 za wanga na protini kavu. Glisirini hujipenyeza kati ya minyororo na kuifanya iteleze, na hapo utando hukunjika bila kupasuka. Lakini kila faida ina gharama yake: kilainishi kikizidi, utando hupoteza nguvu, hunata mkononi, na hupitisha mvuke zaidi.

*Maji na mvuke.* Huu ndio udhaifu mkuu wa tando hizi. Wanga na protini nyingi hupenda maji. Huyafyonza hewani, huvimba na kulegea. Kuchanganya makundi hayo mawili hupunguza tatizo, lakini hakuliondoi. Hivyo basi, kifungashio kinachofaa katika duka kavu la nyanda za juu huenda kikalegea katika hewa nzito ya Tanga, Mombasa au Unguja. Watengenezaji wengine huongeza nta ya nyuki au mafuta ili kuzuia mvuke. Njia hiyo husaidia, ingawa aghalabu hupunguza uangavu na uimara wa utando.

*Oksijeni na mafuta.* Hapa ndipo penye nguvu yake. Utando ukiwa mkavu, minyororo yake hubanana kiasi kwamba oksijeni hupita kwa shida, na mafuta hayapenyi. Kwa kuwa oksijeni ndiyo inayozifanya korosho na karanga zichachuke, tunaweza kuona kwa nini sifa hii inathaminiwa. Lakini kinga hii hushuka utando unapolowa. Kwa sababu hiyo, utando kama huu mara nyingi huwekwa ndani ya kifungashio kingine kinachozuia unyevu.

*Joto.* Wanga wa muhogo na wa mahindi hufura na kushikana katika maji yenye joto la nyuzi kati ya 60 na 75 za Selsiasi. Jelatini ya ng'ombe iliyoganda huyeyuka karibu na nyuzi 30 hadi 35, ambalo ni joto la kawaida ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ya samaki wa maji baridi huyeyuka kwenye joto la chini zaidi.

*Rangi na uangavu.* Utando unaopitisha mwanga sawasawa ni dalili ya mchanganyiko uliopatana. Umanjano kidogo si lazima uwe dalili ya kuharibika, kwa maana protini ikipashwa moto pamoja na baadhi ya sukari hubadilika rangi, kama ganda la mkate linavyofanya tanurini. Lakini madoa ya kijani, meusi au meupe yenye manyoya ni ukungu. Utando huu ni chakula, na kinacholiwa na binadamu huliwa na kuvu pia.

4. Unakutana nazo wapi?

*Dawa.* Vidonge ambavyo wengi huviita "vya rangi mbili" ni unga uliotiwa ndani ya ganda. Ganda hilo mara nyingi ni jelatini, na zipo pia zilizotengenezwa kwa selulosi iliyorekebishwa. Ganda la jelatini lina maji yapata asilimia 13 hadi 16 ya uzito wake. Likipata unyevu hulainika na kunatana. Likikauka mno huwa kavu na kuvunjika. Kwa hiyo dawa hizo zisiwekwe bafuni, karibu na jiko, wala dirishani penye jua. Ganda lisifunguliwe bila ushauri wa mfamasia, kwa kuwa wakati mwingine ndilo linaloamua dawa ifunguke wapi tumboni.

*Soseji.* Ganda la soseji laweza kuwa utumbo wa mnyama, kolajeni iliyotengenezwa kiwandani, alginati ya mwani, au mchanganyiko wa kolajeni na alginati. Vilevile lipo la plastiki, ambalo halipaswi kuliwa. Kama pakiti haisemi, muulize muuzaji kama ganda hilo huliwa au humenywa.

*Matunda.* Maembe, parachichi na tufaha zinazosafiri mbali huweza kupakwa utando mwembamba ili zisinyauke upesi. Tunda lililochumwa bado linapumua. Utando wa kiasi hupunguza upumuaji huo na kurefusha maisha yake. Ukiwa mzito mno hulinyima oksijeni, na tunda huanza kuchacha kwa ndani likawa na ladha ya pombe. Mng'ao wa tunda, basi, si ushahidi wa sumu wala wa ubora. Lioshe kwa maji safi yanayotiririka kama unavyoosha tunda lolote.

*Vifungashio na vyombo.* Humu mna mifuko, vikombe na mirija inayouzwa kwa jina la wanga. Tutaieleza katika sehemu ya tano, kwa kuwa ndipo penye utata mwingi zaidi.

5. Mambo matatu yenye uzito

(i) Mzio. Utando unaweza kubeba protini ya maziwa, ngano, soya, yai au samaki bila kuonekana kwa macho wala kuonjeka ulimini. Kwa mtu mwenye mzio wa maziwa, tunda au peremende iliyopakwa kaseini si jambo dogo. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, gluteni iliyo ndani ya utando ni gluteni ileile ya mkate. Kuhusu kitosani, mzio wa kamba na kaa hutokana hasa na protini ya nyama yake, wala si na gamba lenyewe. Hata hivyo, usafishaji ukiwa hafifu, mabaki ya protini huweza kusalia. Mwenye mzio huo na apate ushauri wa daktari kabla ya kutumia bidhaa yenye kitosani, vikiwamo virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya kupunguza uzito.

Mtu akivimba midomo au ulimi, akitokwa na vipele mwili mzima, au akipumua kwa shida baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja. Asisubiri kuona kama hali itatulia. Hifadhi pakiti, kwani itamsaidia tabibu kujua chanzo.

(ii) Imani na desturi. Neno "jelatini" peke yake halisemi imetoka kwa mnyama gani, wala alichinjwa vipi. Mwislamu, Msabato, Mhindu na mtu asiyekula nyama, kila mmoja ana haki ya kuuliza. Tafuta alama ya halali, au maneno "jelatini ya ng'ombe", "jelatini ya samaki" au "ganda la mimea". Kuhusu dawa uliyoandikiwa, usiiache kwa sababu ya ganda kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia; mara nyingi huwepo dawa ileile katika umbo la kidonge kisicho na ganda au la maji.

(iii) Madai ya kuoza. Utando wa wanga na protini tupu huoza kweli, kwa maana vijidudu vya udongoni huula. Lakini mifuko mingi inayouzwa kwa jina la wanga huwa imechanganywa na plastiki nyingine ili iwe imara na isilowe. Baadhi ya plastiki hizo huoza, lakini katika joto la mitambo maalumu ya mboji tu. Kiwango cha Ulaya, EN 13432, hutaka kifungashio kiwe kimesambaratika kwa asilimia 90 ndani ya wiki 12, na asilimia 90 ya kaboni yake iwe imegeuzwa na vijidudu ndani ya miezi sita, katika mazingira ya mboji ya kiwandani. Kiwango hicho hakisemi lolote kuhusu mfuko uliotupwa baharini, mtaroni au dampo.

Jihadhari pia na plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ili ivunjike upesi juani. Hiyo haiozi bali humeguka vipande visivyoonekana, navyo husalia udongoni na majini. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku bidhaa za aina hiyo kwa Agizo lake la mwaka 2019. Kwa hiyo swali la mlaji lisiwe "je, unaoza?" tu, bali "unaoza wapi, kwa muda gani, na nani amethibitisha?"

6. Jaribio la nyumbani

Jaribio hili linafaa kwa familia na shule. Lifanywe chini ya uangalizi wa mtu mzima, na tando zitakazopatikana zisiliwe.

Andaa wanga wa mahindi au wa muhogo, jelatini ya unga isiyo na sukari, glisirini ya duka la dawa, na sahani tatu laini za plastiki zenye sehemu ya chini iliyo bapa.

*Sahani A:* Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga katika mililita 200 za maji baridi. Pasha moto huku ukikoroga hadi uzito uongezeke na weupe upungue. Mimina kiasi sahanini, kiwe chembamba.

*Sahani B:* Pika nusu kijiko cha wanga kwa maji kiasi kilekile. Pembeni, lowesha nusu kijiko cha jelatini kwa maji baridi kidogo hadi ifure. Epua wanga, acha upoe kidogo, kisha utie jelatini na kukoroga hadi iyeyuke. Usiichemshe. Mimina.

*Sahani C:* Fanya kama B, ukiongeza nusu kijiko cha chai cha glisirini kabla ya kumimina.

Funika kwa chandarua na uache zikauke kivulini kwa siku moja au mbili. Kisha ulinganishe. Aghalabu A itapasuka na kujikunja. B itakuwa imara zaidi lakini ngumu. C itakunjika bila kuvunjika. Sasa weka kipande cha C bafuni usiku kucha, na kingine katika bilauri ya maji. Utaona kwa macho yako udhaifu tuliousema: cha bafuni kitalegea na kunata, na cha majini kitafura.

Je, jaribio la maji linatosha kuupima mfuko wa dukani? La. Mfuko usiofura majini huenda ukawa plastiki ya kawaida, au plastiki iozayo. Na ule unaoyeyuka majini huenda umetengenezwa kwa kemikali ya kiwandani iyeyukayo, isiyohusiana na wanga hata kidogo. Jaribio hufundisha tabia ya utando, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya maabara.

7. Kusoma lebo

Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Baadhi huandikwa kwa namba badala ya jina. Zifuatazo zinahusu somo hili:

- E401: alginati ya sodiamu, ya mwani
- E406: agari, ya mwani
- E407: karajinani, ya mwani
- E414: gundi ya mgunga
- E422: glisirini, kilainishi
- E440: pektini, ya matunda
- E464: selulosi iliyorekebishwa
- E901: nta ya nyuki
- E904: shelaki, utomvu wa wadudu

Jelatini na kaseini huandikwa kwa majina yao. Glisirini yaweza kutoka katika mafuta ya mimea au ya wanyama, na namba peke yake haionyeshi tofauti hiyo.

8. Hatua za kuchukua ukipotoshwa

1. Hifadhi bidhaa, kifungashio na risiti. Piga picha ya lebo na ya tangazo.
2. Mweleze muuzaji kwa adabu na bila kukawia, ukitaja dai lililoandikwa na ulichokikuta.
3. Asiporidhia, peleka malalamiko yako panapohusika. Kwa Tanzania Bara, ubora na usalama wa chakula na vifungashio husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kuwapotosha walaji.
4. Andika tarehe, mahali na jina la duka. Lalamiko lenye ushahidi hushughulikiwa kwa urahisi kuliko lalamiko la mdomo.

Muhtasari

Tando za wanga na protini si hadaa, wala si muujiza. Huzuia oksijeni na mafuta vizuri zikiwa kavu, hukunjika zikiwa na kilainishi cha kutosha, na huoza zikiwa hazikuchanganywa na plastiki. Zimeshindwa kwa maji, na viambato vyake huweza kumdhuru au kumkwaza mtu asiyeambiwa. Mtengenezaji ana wajibu wa kusema ukweli wote juu ya bidhaa yake, na mlaji ana haki ya kuudai.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini utando wa wanga mtupu hupasuka, na glisirini husaidia vipi?
2. Mfanyabiashara wa Pemba anataka kufunga bisikuti kwa utando wa wanga na jelatini bila kifungashio kingine. Utamshauri nini?
3. Jirani yako ana mzio wa maziwa na amenunua peremende zilizopakwa utando unaong'aa. Atafute maneno gani kwenye lebo?
4. Mfuko umeandikwa "huoza kwa asilimia 100". Taja maswali matatu utakayomuuliza muuzaji.